Unabobea Ili Umfundishe Nani? Namna ya Kuchagua Feloshipu Ukitaka Ualimu wa Tiba

Residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, akiwa mwaka wa mwisho wa MMed (shahada ya uzamili ya tiba) huulizwa swali moja kila anakokanyaga: "Dokta, unabobea kwenye nini?" Anauliza profesa kwenye raundi, anauliza muuguzi wa zamu, anauliza hata mjomba msibani. Jibu linalotarajiwa ni jina la kiungo. Moyo. Figo. Ubongo. Ukishakitaja, kila mtu anaridhika na mazungumzo yanahamia kwingine.

Mimi nilitaja ini na njia ya chakula, na sababu yangu haikuwa nzito: nilipenda kushika kamera ya endoskopi, ile ya kutazama njia ya chakula kwa ndani. Nikaenda nje mwaka mmoja, nikarudi na cheti na mikono myepesi. Hospitali niliyorudi ilikuwa na mashine moja tu, na hiyo moja ilikuwa inasubiri kipuri. Wakati huohuo chuo kikanipangia wanafunzi wa mwaka wa tatu wasiojua bado namna ya kupapasa tumbo. Nilisimama kando ya kitanda, mgonjwa ameshafunua shati, nikagundua kwamba ninajua ini liko wapi lakini sijui kumweleza mtu mwingine aweke mkono wapi, asubiri nini, na amwambie mgonjwa avute pumzi saa ngapi. Kipuri kilichukua miezi saba. Wanafunzi hawakusubiri kipuri.

Mwongozo huu ni wa yule anayeanza kuhisi kwamba anapenda wanafunzi kuliko mashine, na bado hajajaza fomu ya feloshipu, yaani mafunzo ya daktari ya kujiendeleza. Mifano ni ya Tanzania na Kenya zaidi, kwa kuwa huko ndiko ninakokufahamu.

Hatua ya 1: Tenganisha vitu vinne vinavyoitwa feloshipu

Neno ni moja, mizigo ni minne, na nimeona watu wenye shahada mbili wakibishana na maofisa utumishi kwa sababu hawakuitenganisha mapema.

Mzigo wa kwanza ni ufelo wa vyuo vya kitaaluma vya kanda. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilianzishwa mwaka 1999 na makao yake yako Arusha. Daktari aliyemaliza utarajali husoma miaka 2 na kufanya mtihani wa MCS (uanachama wa chuo), kisha kwa kawaida miaka mingine 3 hadi FCS (ufelo wenyewe), muda wote akiwa kazini kwenye hospitali iliyoidhinishwa. Herufi F pale ni ya felo, lakini ngazi yenyewe ni ya ubingwa, jirani wa MMed. ECSACOP, chuo cha kanda hiyohiyo, inafuata njia kama hiyo kwa magonjwa ya ndani, na ufelo wake ni FCP. Ni mafunzo mazuri sana ya mikono, ila hayatolewi na chuo kikuu. Ukitaka kuajiriwa na chuo kikuu, uliza mapema na kwa maandishi kama FCS au FCP yako itahesabiwa sawa na shahada ya uzamili pale unapotaka kufundisha.

Wa pili ndio ubobezi wenyewe: mtu ana MMed yake ya magonjwa ya ndani, anaongeza miaka 2 au 3 ya moyo, figo, damu au saratani. Muhimbili, kupitia chuo kikuu chake cha afya, MUHAS, baadhi ya fani hizi hutolewa kama shahada ya MSc. Nairobi kuna mafunzo ya dharura na uangalizi mahututi wa watoto. Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Toronto cha Kanada kimefundisha mabobezi wa saratani za wanawake.

Wa tatu ni ziara ndefu: miezi 3, miezi 6, mwaka, kwenye hospitali kubwa ya India, Uturuki, Misri au Ulaya. Unaona mengi, unashika machache, unapewa cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu. Usikidharau, lakini usikiite ubobezi mbele ya kamati ya ajira.

Wa nne ni feloshipu za utafiti na za ualimu wa tiba. Hizi hazikupi mgonjwa hata mmoja, na kwa mtu wa shabaha yako huenda zikawa na uzito kuliko zote tatu zilizotangulia. Nitazirudia.

Sababu ya kuzitenganisha ni kwamba kila mmoja anasoma karatasi yako kwa jicho lake. Chuo kikuu kinasoma shahada. Baraza la Madaktari linasoma rejista. Mgonjwa anasoma mikono. Feloshipu moja inaweza kumridhisha mmoja na kuwaacha wawili wakikutazama tu.

Hatua ya 2: Andika wiki yako, si ndoto yako

Chukua karatasi, chora Jumatatu hadi Ijumaa ya miaka kumi ijayo. Raundi na wanafunzi asubuhi ngapi? Kliniki siku ngapi? Theatre au chumba cha vipimo je? Kusahihisha tasnifu za maresidenti saa ngapi, na kazi yako mwenyewe ya utafiti inaingia wapi? Na ile kliniki ya jioni ya hospitali binafsi inayolipa ada za watoto, ambayo hakuna anayeiandika lakini wote tunaijua, iko siku gani?

Ukimaliza, hesabu. Kama wanafunzi wamepata saa mbili kati ya hamsini, hutaki ualimu, unataka cheo cha uhadhiri. Si dhambi, na utaokoa muda mwingi ukikiri sasa. Feloshipu utakayochagua itakuwa nyingine kabisa.

Hatua ya 3: Tafuta kiti kabla ya kutafuta ndege

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunafikiri ubobezi utafungua mlango, kumbe mlango hufunguliwa na ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa.

Anza na mwajiri wako wa sasa. Daktari aliyeajiriwa na wizara au halmashauri na daktari aliyeajiriwa na chuo kikuu wanaweza kusimama wodi moja, wakavaa koti la aina moja, na wakawa kwenye ngazi mbili tofauti zisizokutana. Wa kwanza hupanda kama daktari bingwa. Wa pili hupanda kama mwanataaluma: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Daktari wa hospitali anaweza kufundisha kwa hadhi ya mhadhiri wa heshima, na hospitali zetu za kufundishia zingekwama bila watu hao, lakini kufundisha huko peke yake hakumpandishi kwenye ngazi ya chuo.

Nenda ofisi ya utumishi ya chuo unachokitaka, iwe MUHAS, KCMUCo ya Moshi, CUHAS ya Bugando, Dodoma au SUZA kule Zanzibar, uombe kuona muundo wa utumishi wa wanataaluma. Si siri. Tazama mambo matatu. Kwanza, wastani wa alama unaotakiwa kwenye shahada ya kwanza na ya uzamili. Kuna bobezi mahiri wanaokwama hapa kwa alama za miaka 15 iliyopita, na hakuna feloshipu inayozifuta. Pili, nini hasa hupandisha cheo. Utakuta makala za utafiti zilizochapishwa kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu, usimamizi wa wanafunzi, tathmini ya ufundishaji. Cheti cha feloshipu ya kitabibu kina uzito mdogo kuliko unavyodhani. Tatu, ngazi ambayo PhD inaanza kuulizwa.

Kisha mfuate mkuu wa idara na muulize swali la moja kwa moja: "Profesa, katika miaka mitano idara ina upungufu wa fani gani, na nani anastaafu?" Wazee wetu hawapendi kuulizwa habari za kustaafu kwao, hivyo lipambe swali lako. Ila jibu lake lina thamani kuliko semina tatu za kuchagua fani. Idara ikikutuma kwa barua yake, inakulinda nafasi. Ukijituma mwenyewe, unarudi kama mgeni. Uliza pia kuhusu ruhusa ya masomo yenye mshahara na masharti ya kurejea kazini. Tanzania sasa kuna ufadhili wa serikali kwa ubingwa na ubobezi, ule unaojulikana kwa jina la Rais Samia, na kama ufadhili wowote wa umma, unamfuata mtumishi anayerudi kuhudumu.

Hatua ya 4: Ipime fani kwa wodi utakayorudi

Fani nzuri kwa mwalimu si lazima iwe fani ngumu. Kwangu kipimo ni kimoja: je, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kusimama karibu nami kwenye fani hii akajifunza kitu kwa macho, masikio na mikono yake, siku ambayo umeme umekatika?

Ukikitumia kipimo hicho, orodha ya fani inapinduka. Magonjwa ya kuambukiza yanapanda juu, kwa kuwa kila kitanda ni somo. Watoto wachanga wanapanda. Dharura na uangalizi mahututi zinapanda sana. Figo inapanda nusu: kumtambua mgonjwa aliyevimba uso, kusoma mkojo na kupanga maji na dawa hufundishika popote, lakini dayalisisi (kusafisha damu nje ya mwili) inadai mashine, maji safi na wauguzi waliofunzwa. Upandikizaji unadai kijiji kizima. Muhimbili walipofanya upandikizaji wa figo wa kwanza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ikafuata 2018, walikuwapo wataalamu wageni mezani na timu ya wenyeji iliyoandaliwa kwa muda mrefu. Bobezi mmoja aliyerudi peke yake na cheti asingeweza. Mambo ya umeme wa moyo yanashuka chini kabisa kwenye orodha yangu, isipokuwa kama unarudi mahali kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ambako wagonjwa, kathlabu (chumba cha kupitisha mirija hadi moyoni) na wenzako wapo.

Wapo watakaonipinga hapa, na wana hoja. Watasema tukichagua kwa kutazama kilichopo, hakuna jipya litakaloanza nchini. Ni kweli. Tazama tiba ya dharura. Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara ya kisasa ya dharura na mwaka huohuo ikaanza MMed ya fani hiyo, ya kwanza Tanzania. Kabla ya hapo "casualty" ilikuwa chumba cha kumsubirisha mgonjwa hadi afike daktari wa fani nyingine. Wahitimu wa kwanza walitoka 2013 na muda si muda wao ndio wakawa walimu. Au tazama radiolojia ya matibabu, ile ya kuziba mishipa na kutoboa usaha kwa kuongozwa na picha: timu za wageni zilianza kuja MUHAS mwaka 2018 kufundisha kwa zamu, MSc ikaanza 2019, na wahitimu wa kwanza wakageuka kuwa wakufunzi wa waliowafuata.

Lakini angalia kilichofanana kwenye visa hivyo viwili. Hakuna aliyekwenda peke yake na kurudi peke yake. Jengo, mtaala, walimu wageni na kundi la wanafunzi vilikuja pamoja, na mafunzo yakafanyika juu ya wagonjwa walewale ambao wahitimu wangewatibu. Ukipata fani mpya inayoanza hivyo, ingia hata kama haina jina bado. Wa kwanza kwenye fani mpya huandika mtaala, hutunga mitihani, huketi kwenye kila kamati. Utachoka, lakini miaka mitano ya hapo inampa mwalimu mambo ambayo kwenye idara kongwe angeyasubiri hadi aote mvi.

Ukiwa bado na shaka, fanya jaribio dogo. Chukua wanafunzi watano, uwapitishe kwa wagonjwa watatu wa fani unayoifikiria, saa moja na nusu. Wiki ijayo fanya hivyo kwa fani ya pili. Utakuta moja inakufanya uende nyumbani ukiwa na maswali ya kutafuta, na nyingine ulikuwa unatazama saa.

Hatua ya 5: Chagua mahali kwa masharti yake, si kwa picha zake

Nyumbani kwanza. MSc ya Muhimbili au mafunzo ya Nairobi na Eldoret yana faida ambayo haionekani kwenye tangazo: unajifunza kwa wagonjwa wako, kwa dawa zilizo kwenye duka lako, na walimu wako watakuwa wenzako wa kazi maisha yote. Tena unaendelea kufundisha ukiwa mwanafunzi, kwani bobezi anayesoma ndiye anayeachiwa maresidenti. Udhaifu ni kwamba unaweza kunyonywa. Idara inakuona mtu wa kazi, raundi zinakuwa nyingi, na masomo yanaenda usiku.

Cape Town inanivutia zaidi kwa mwalimu wa tiba ya watoto. Programu ya APFP, ya feloshipu za tiba ya watoto kwa Afrika, inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Cape Town na hospitali ya watoto ya Red Cross imejengwa kwa wazo moja: taasisi ya nyumbani ndiyo inayokuteua, unasomea pengo walilonalo, na unarudi. Kwa fani nyingine Afrika Kusini, jiandae kuwa mwanafunzi wa ziada asiyelipwa na serikali yao. Mshahara au ufadhili wako utoke nyumbani. Usajili wa HPCSA, baraza lao la fani za afya, huchukua muda, anza mapema kuliko unavyofikiri.

Uingereza ina Medical Training Initiative, mpango wa mafunzo kwa madaktari wa nje usiozidi miezi 24, ambapo chuo cha kitaaluma kinakudhamini kwa GMC, baraza lao la madaktari, bila kufanya mtihani wao wa PLAB, ingawa Kiingereza lazima ukithibitishe. Unalipwa, unafanya kazi kweli, na mwisho wake ni kurudi nyumbani. Faida iliyofichika kwa mwalimu ni kuwa Waingereza wanachukulia ufundishaji kama kazi yenye kumbukumbu: kila kipindi unachofundisha unaweza kuomba tathmini ya maandishi. Zikusanye.

Marekani ni hesabu nyingine kabisa, na hapa nisikilize vizuri. Feloshipu nyingi za kitabibu zilizoidhinishwa kule zinataka uwe umemaliza residensi yao. Maana yake MMed yako ya Dar es Salaam au Nairobi haikuingizi moja kwa moja kwenye feloshipu ya moyo. Utafanya mitihani ya leseni ya USMLE, upate cheti cha ECFMG (chombo kinachothibitisha madaktari waliosomea nje), urudie residensi ya magonjwa ya ndani miaka 3, ndipo uombe moyo kwa miaka mingine 3. Viza ya J-1 inayotumiwa na madaktari wengi wa kigeni inadai barua ya wizara ya afya ya nchi yako, na baada ya mafunzo inakutaka ukae nyumbani jumla ya miaka 2 kabla ya kuomba aina fulani za viza au ukaazi, isipokuwa ukipata msamaha. Daktari wa miaka 36 mwenye watoto watatu ayapime hayo yote kabla ya kununua vitabu vya USMLE. Ila feloshipu za utafiti za Marekani, hasa zile za kituo cha Fogarty cha taasisi yao ya afya, NIH, zinaweza kukukuta ukiwa nyumbani, na zinazaa makala.

India: kwa shahada kamili za ubobezi, DM (tiba) na MCh (upasuaji), ni miaka 3 na ushindani mkali. Kwa ziara za miezi michache ni pazuri kwa kuona wingi wa wagonjwa. Kabla ya kulipa ada, liandikie Baraza la Madaktari Tanganyika, au KMPDC kama uko Kenya, uulize kama cheti kile kinasajilika kama ubobezi. Jibu lao liweke kwenye faili.

Hatua ya 6: Wahoji waliotoka, si wanaopokea

Kurasa za matangazo zote zinafanana. Tafuta watu wawili waliomaliza programu ile, mmoja wa karibuni na mmoja wa miaka mitano nyuma, uwapigie simu jioni wakiwa wametulia. Usiulize "ilikuwaje?" maana utajibiwa "nzuri." Uliza ratiba ya Jumanne yake ya kawaida. Uliza ni taratibu ngapi alifanya kwa mkono wake na ngapi alishika taa. Uliza kama felo wanapewa wanafunzi wao wenyewe, au wanafundisha pale tu bosi anapochelewa. Uliza nani alikuwa jina la kwanza kwenye makala zilizotoka kwenye data alizozikusanya. Swali hili la mwisho humfanya mtu anyamaze kidogo kabla ya kujibu. Kimya hicho ni sehemu ya jibu.

Na umwulize: aliyekufundisha vizuri kuliko wote pale bado yupo? Programu nyingi za ubobezi ni mtu mmoja na jengo. Mtu akihama, linabaki jengo.

Hatua ya 7: Jifunze ualimu kama unavyojifunza kutoboa uti wa mgongo

Tunadhani anayejua anaweza kufundisha. Mimi ni ushahidi wa kinyume chake. Kuna mafunzo yake, na nafuu ni kuwa mengi hayakutoi kazini. FAIMER, taasisi yenye mizizi Philadelphia, ina feloshipu ya ualimu wa tiba ya miaka miwili ya muda nusu, na tawi lake la Afrika kusini mwa Sahara, SAFRI, limepokea walimu wa fani za afya kutoka nchi nyingi za kanda yetu. Unakutana na wenzako kwa vipindi vifupi, kisha unarudi kuendesha mradi wa ualimu kwenye chuo chako. Mwisho una mtandao wa watu wanaojua kutunga mtihani, na una mradi unaoweza kuchapishwa. Makala hiyo huhesabiwa kwenye kupanda cheo sawa na makala ya ini.

Bila feloshipu yoyote unaweza kuanza mwezi huu. Omba uwe mtahini msaidizi kwenye oski, mtihani wa vitendo wa vituo, ya mwaka wa tano. Tunga maswali 20 ya kuchagua jibu, umpe mwalimu mkali ayararue. Muombe mwenzako akae nyuma ya darasa lako na aandike kila swali uliloulizwa ukalijibu vibaya. Wafundishe watarajali kipindi cha dakika 15 baada ya ripoti ya asubuhi, mada moja tu, kila wiki, bila kukosa. Funga kila kitu kwenye jalada: ratiba, tathmini za wanafunzi, maswali, picha za ubao. Siku ya usaili wa ajira, wengine watatoa vyeti vya ubobezi na wewe utatoa jalada.

Hatua ya 8: PhD kabla au baada ya ubobezi?

Sina kanuni, nina mwelekeo. Fani ya mikono inataka ujana wa mikono. Nenda ubobezi kwanza, kisha PhD itokane na wagonjwa wa kliniki uliyoianzisha. Fani ya mgonjwa na kalamu, kama magonjwa ya kuambukiza, inaruhusu kugeuza: kama kuna mradi wenye fedha tayari na msimamizi anayejibu barua pepe, chukua PhD hiyo leo, ubobezi utakungoja. Kwa wasio na mradi, CARTA, mpango wa kufunza watafiti wa PhD wenye makao Nairobi, umekuwa mlango wa watu wengi wa vyuo vya Afrika. Kuvichukua vyote viwili kwa pamoja nimewaona watatu wakijaribu. Mmoja alimaliza.

Hatua ya 9: Fedha, na mwenza wako

Sitakaa sana hapa kwa sababu kila nyumba ina hesabu yake. Mshahara wa mhadhiri peke yake, ukilinganisha na bobezi wa hospitali binafsi, utakufanya ununue gari kwa kuchelewa. Fani zenye taratibu, kama endoskopi au eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), zinaongeza kipato cha jioni. Magonjwa ya kuambukiza hayana kitu cha jioni. Mweleze mwenza wako hivyohivyo kabla hujasaini, pamoja na idadi ya miezi utakayokuwa mbali na kiasi kitakachobaki nyumbani. Mkataba wa kurejea kazini usaini mkiwa mmeusoma wote wawili, hasa kipengele cha kulipa gharama ukivunja.

Hatua ya 10: Andaa marejeo ukiwa bado uko huko

Miezi sita kabla ya kumaliza, mwandikie mkuu wa idara na mkurugenzi wa hospitali barua moja, nakala kwa muuguzi mkuu. Usiombe mashine mpya. Omba vitu vinne: siku moja ya kliniki yenye jina la fani yako, chumba chake, muuguzi mmoja atakayekaa kwenye kliniki hiyo bila kuhamishwa kila mwezi, na kundi la wanafunzi litakalopangiwa hapo kwenye ratiba ya muhula. Kama kuna nafasi ya muuguzi huyo kuja kujifunza wiki chache mahali ulipo, pigania hiyo kuliko unavyopigania posho yako.

Mimi sikuandika barua hiyo. Kliniki yangu ya ini nilikuja kuipata mwaka wa pili, Jumatano asubuhi, kwenye chumba tulichogawana na watu wa kisukari. Wanafunzi wanane, wagonjwa kumi na wawili, kitanda kimoja cha kupimia. Mashine ilikuwa imetengemaa wakati huo, lakini iko jengo lingine na zamu yake ni Ijumaa. Kwa hiyo Jumatano tunapapasa matumbo.

Mkono wa kulia, vidole sambamba na ukingo wa mbavu, anzia chini karibu na nyonga. Mwambie mama avute pumzi taratibu. Usiusukume mkono wako. Ngoja ini likufuate wewe.